Kisahani cha Majivu cha Bi Hisano

Bi Hisano Mizobe alifikisha miaka sabini na kitu bila kumwambia mtu neno "hapana", na msije mkadhani ni mpole. Kichochoro kizima kinajua kwamba mama huyu ameshafukuza wachuuzi, mawakala wa bima, wachumba wawili waliomtaka mpwa wake na diwani mmoja aliyekuja kuomba kura, na wote waliondoka wakishukuru. Walipofika kwao ndipo mashavu yalipoanza kuwawaka. Sisi watu wa Kyoto tunauita huo ustaarabu. Watu wa Osaka wana jina jingine, ambalo sitaliandika hapa.

Basi asubuhi moja, majira ya maua, alitoka na ufagio wake akakuta vipisi vya sigara vinaelea kwenye ndoo nyekundu. Ndoo nyekundu ya maji ipo kila mlango huku kwetu. Nyumba zetu ni mbao tupu, zimebanana ubavu kwa ubavu, na moto ukiingia moja umeingia zote. Maji yale ni ya siku ya balaa. Mtoto akitia hata jani ndani yake atakiona cha moto kwa mama yake. Na mle ndimo watalii walimozimia sigara zao. Wa kwanza labda alidhani ni pipa la taka, wa pili akaona kipisi cha mwenzake, ikawa ndiyo desturi.

Ingekuwa ndoo peke yake angemwaga maji, akajaza mengine, akanyamaza. Shida ilikuwa moshi. Nyumba ya Mizobe inatengeneza yuba, ule utando unaojitanda juu ya maziwa ya soya yakipashwa moto wa taratibu. Unauinua kwa kijiti cha mwanzi, unaachia mwingine ujitande, unauinua tena, hivyo hivyo mpaka mchana. Utando haufungi vizuri bila hewa kupita, kwa hiyo dirisha la mbele lazima liwe wazi, na dirisha la mbele liko hapo hapo kichochoroni, na chini yake pana ukingo wa jiwe ambao mtalii aliyechoka kutembea anaupenda kuliko kitanda cha hotelini. Tena utando ule unanyonya kila harufu. Wanawake wa nyumba ile hawajipaki hata mafuta ya nywele siku za kazi. Marehemu mume wa Bi Hisano alivuta sigara maisha yake yote, lakini alivutia kule darajani, mahali palipotengwa kwa wavutaji, na kijikopo chake cha majivu mfukoni, akarudi, akanawa, akasukutua mdomo, ndipo akaingia karakanani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alijua tu.

Kwa hiyo Bi Hisano alifanya ambalo mwanamke yeyote wa kichochoro hiki angelifanya. Alitoa kabatini kisahani cha majivu cha marehemu, cha udongo wa bluu, kizuri, cha wageni, akakiweka kwenye ukingo wa jiwe. Watalii wawili walikuwa wamekaa pale wanavuta. Aliwainamia kichwa, akatabasamu, akarudi ndani.

Nieleze hapa, maana kuna msomaji wa Osaka huenda akapotea. Mtu wa Kyoto akiletewa kisahani cha majivu na mwenye nyumba hangoji cha pili. Damu inamshuka miguuni. Anazima, anaomba radhi, anaondoka, na wiki nzima hapiti njia ile. Kuletewa kisahani ni kuambiwa: umeanza kuugeuza mlango wangu kuwa kijiwe chako.

Wale wawili walishukuru kwa mikono miwili na wakawasha ya pili.

*

Mkwe wake, Chinatsu, aliyaona yote hayo kupitia kimia cha mbao cha dirisha akiwa ameshika kijiti. Chinatsu ndiye mtu wa Osaka wa nyumba ile. Osaka kwa treni ni nusu saa, lakini kwa ulimi ni nchi nyingine. Mwaka wake wa kwanza hapa, jirani alikuja na jamu ya malimau ya mwaka juzi, naye akajibu mlangoni, kwa roho safi kabisa, kwamba hapana, asante, kwao hakuna anayekula. Kichochoro kililizungumzia jambo hilo mpaka malimau mengine yakaiva. Bi Hisano alimkalisha chini akamwambia kwamba huku kwetu "hapana" haitoki mdomoni, inatoka mikononi. Tangu siku hiyo Chinatsu alipigwa marufuku ya kuzungumza na watu mlangoni, na alitii. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya mwanamke yule.

Pia hakuruhusiwa kuinua utando wa kwanza wa asubuhi. Ule ni mwembamba na mtamu kuliko yote, na Bi Hisano aliuinua mwenyewe. Chinatsu alikuwa na wa pili na kuendelea.

Kesho yake walikuja watalii wengine. Kisahani kilikuwa kimejaa. Bi Hisano akaona kumbe hawa ni wagumu, inabidi akazie. Akaongeza takia la kukalia. Takia juu ya jiwe, mbele ya mlango wa mtu! Hata jambazi wa Kyoto angekimbia. Mtalii mmoja alilikalia, mwingine akampiga picha. Siku iliyofuata Bi Hisano akasimamisha ufagio kichwa chini kando ya mlango, jambo ambalo hapa hata mtoto mdogo anajua linamhusu mgeni asiyejua kuaga. Mwanamke mmoja wa kizungu, mwenye huruma, akauona, akausimamisha vizuri.

Mwishowe akatoa chai. Huku kwetu mtu aliyekaa mlangoni akiletewa chai asiyoiomba ameambiwa aende zake. Chai ile ilikuwa silaha yake ya mwisho, hajawahi kuitumia mara mbili kwa mtu mmoja. Walikunywa yote, wakauliza kama kuna vitafunio.

Haikupita muda, kwenye ile ramani ya simuni mtu akabandika alama juu ya nyumba ya Mizobe na maneno kwamba hapa unavuta sigara kwa raha, bibi ni mkarimu mno, na siku ukibahatika kuna chai ya bure. Chinatsu aliyasoma akiwa kitandani na kumpa mumewe, Tsuneo, ayasome. Tsuneo alisoma, akarudisha simu, akageukia ukutani. Ni mtu mwema, Tsuneo, lakini tangu utotoni amejifunza kwamba mvua ikinyesha kati ya mama na mtu mwingine, yeye atafute paa.

*

Watalii walipozidi, nani aliumia kwanza? Sisi majirani, tuseme ukweli. Na tulimwadhibu bila kufungua mdomo.

Huku kwetu asubuhi unafagia mbele ya nyumba yako, halafu unavuka mpaka wa jirani kwa shubiri moja ya kiganja. Ukivuka hatua nzima umemwambia ni mchafu. Ukiishia mpakani umemwambia huna habari naye. Shubiri moja ndiyo ujirani. Bi Fusae Imanishi wa nyumba ya kushoto alikuwa akivuka shubiri hiyo kwa Bi Hisano tangu wote wawili walipokuja kuolewa hapa. Asubuhi moja ya mwezi wa nne alifagia mpaka mpakani, akasimama, akageuza ufagio. Vumbi lilibaki limekatwa mstari mnyoofu.

Bi Hisano aliuona mstari ule akasimama nao muda mrefu. Kisha alisalimia kama kawaida, na Bi Fusae akajibu kwamba siku hizi nyumba ya Mizobe imechangamka, wengine wanakaa tu na upweke wao. Bi Hisano alicheka kwa adabu, akaingia ndani, akakaa kwenye kizingiti na kandambili zake za mpira miguuni, hakuweza kuzivua.

Wiki ile ile akaja mtawa Genkai. Huyu ndiye mkuu wa jiko la hekalu la mlimani, na hekalu ndilo uhai wa nyumba ile. Kila vuli hekalu hufanya kumbukumbu ya mwasisi wake, siku saba za wageni kutoka kila upande, na yuba yote ya siku hizo, pamoja na ya mwaka mzima kabla yake, hutoka kwa Mizobe tangu babu wa babu wa Tsuneo. Mikahawa ya mjini inanunua kwa viwanda, bei ya chini, yuba ya mashine. Hekalu likiondoka, makarai ya shaba ya kupashia maziwa yanabaki ya kuuzia watalii wapambie nyumba zao.

Mtawa alikaa, akanywa chai, akasifu hali ya hewa, akasema yuba ya siku hizi harufu yake imekolea. Akaongeza kwamba mwezi wa sita, kabla ya kuandika oda ya vuli, angependa kupita mwenyewe asubuhi, aonje utando ukiwa bado wa moto. Hajawahi kuja kuonja. Hakuna mtawa aliyewahi kuja kuonja. Bi Hisano alimsindikiza mpaka mwisho wa kichochoro, akainama mpaka mtawa alipopotea kwenye kona, na aliporudi ngozi ya uso wake ilikuwa imepauka.

"Amesema nini?" Tsuneo aliuliza, ingawa alikuwa chumba cha pili na alisikia yote.

"Amesema inanuka," Chinatsu akajibu.

*

Jioni ile walipofika kwenye wali wa mwisho, Chinatsu akaweka vijiti chini.

"Mama, hawa watu hawafukuzwi kwa chai."

Bi Hisano alisema kwamba mtu mwenye haya angekuwa ameshaondoka.

"Haya wanazo. Hawajui tu kama wamekosea. Nani amewaambia?"

"Nimewaambia kila siku tangu maua yachanue."

"Umewaambia kwa kisahani."

Tsuneo aliomba apewe chombo cha kachumbari kilichokuwa mbele yake. Hakuna aliyempa. Chinatsu alisema yuko tayari kutoka kesho aseme neno moja tu, ni kazi ya kupumua mara moja. Bi Hisano akasema si mlangoni kwake. Basi wabandike tangazo. Tangazo, alisema Bi Hisano, ni kumtangazia mtawa kwamba nyumba inayolisha hekalu inaishi na watu wasio na adabu, na Bi Fusae ataamini limebandikwa kwa ajili ya mwanawe anayevuta. Basi wapige simu manispaa, kwani sheria ya kutovuta barabarani si ipo? Bi Hisano akauliza kama Chinatsu anataka mkaguzi mwenye kofia asimame mbele ya mlango huu majirani wakitazama.

Bi Hisano alisogeza bakuli lake la wali pembeni. Kisha Bi Hisano akasema jambo ambalo hajawahi kulisema mbele ya mkwe.

"Siwezi. Nimejaribu juzi, nikiwa peke yangu bafuni. Mdomo unafunguka, neno halitoki."

Chinatsu alitaka kucheka, akaona macho ya yule mama, akaacha. Alikuwa amekuja na jibu kali limeshaiva ulimini, la miaka tisa ya jamu ya malimau, akalimeza. Alimmiminia chai. Haikuwa chai ya kumfukuza mtu.

Walichokubaliana ni kukiondoa kisahani, takia na ufagio. Walidhani wameziba tundu. Kumbe watalii waliokuja walitafuta kisahani, hawakukiona, wakasikitika, wakarudi kwenye ndoo nyekundu. Mmoja aligonga mlango kwa upole kuuliza kama bibi ni mgonjwa. Bi Hisano alimjibu kwa kuinama, na yule naye akainama, wakainamiana pale mlangoni mpaka sigara ikaisha yenyewe.

*

Mtawa Genkai alikuja kama alivyosema, asubuhi ya mwezi wa sita, mvua ya usiku imekatika na joto limeshaanza kupanda kutoka kwenye mawe. Walimkalisha ukingoni mwa sakafu, hatua mbili kutoka kwenye makarai. Tsuneo alikuwa nyuma kwenye mashine ya kusaga. Bi Hisano alisimama kwenye karai la kwanza na kijiti mkononi, Chinatsu karai la pili. Maziwa yalikuwa yametulia. Utando wa kwanza ulianza kukunjamana pembeni, dalili kwamba bado kidogo. Dirisha lilikuwa wazi.

Zikasikika sauti kichochoroni, nyingi, za furaha. Mtu akaketi juu ya ukingo wa jiwe. Kiberiti kikalia, kikalia tena.

Moshi uliingia taratibu. Mtawa alitazama mikono yake mwenyewe magotini, kwa adabu, maana mtu mwenye malezi haoni aibu ya mwenyeji wake. Tsuneo alitokeza kichwa, akamnong'oneza Chinatsu afunge dirisha. Chinatsu akamjibu kwa kutikisa kichwa, dirisha likifungwa utando hautafunga, na mtawa ataonja nini? Chinatsu alikuwa ameshauma mdomo wa chini mpaka ukawa mweupe. Alimtazama mama mkwe wake. Alikuwa anaomba ruhusa, na kila mtu mle ndani alijua anaomba ruhusa ya nini.

Bi Hisano alimnyooshea kijiti cha karai la kwanza.

"Shika. Usiuache uungue."

Kisha akafungua mlango akatoka.

Nje walikuwa watu sita na kiongozi wao, binti wa chuo mwenye kibendera. Aliyekaa kwenye jiwe alikuwa jibaba la ndevu nyekundu, la nchi za baridi huko, lililovaa kaptura. Alimwona Bi Hisano na aproni yake, kofia ya nywele na kandambili za mpira, akasimama kwa furaha, akiwaonyesha wenzake kwamba ndiye huyu sasa, ndiye bibi mwenyewe. Simu zikatoka mifukoni.

Bi Hisano alifungua mdomo. Mimi nilikuwa nyuma ya kimia changu, upande wa pili wa kichochoro, naona kila kitu. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Nilidhani ataenda kuleta chai.

"Hapana," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Binti wa kibendera alidhani amesikia vibaya, maana yeye naye mtoto wa hapa hapa, na bibi wa Kyoto hasemi hivyo. Akaanza kutafsiri kwa kuzungukazunguka, kwamba bibi anafikiri labda, kama haitawasumbua, pengine mahali pengine pangefaa zaidi. Bi Hisano hajui lugha za watu, lakini anajua ulaini ukipita mbele yake.

"Binti, usilainishe. Mwambie kama nilivyosema. Hapa hapavutwi sigara. Leo hapana, na kesho hapana."

Binti akatafsiri hivyo hivyo. Jibaba likaganda. Akatafuta pa kuzimia, mkono ukaenda wenyewe kwenye ndoo nyekundu, na Bi Hisano akasema "hapana" ya nne, hii sasa ilisikika mpaka kwa muuza sandarusi ya kung'arishia mbao, kule konani. Mkono ulirudi kama umeguswa na umeme. Alizima kwa soli ya kiatu, akachukua kipisi, akakifumba kiganjani.

Halafu akauliza, na nikiri aliuliza kwa heshima, kwamba wamesoma bibi anawapenda wavutaji. Kile kisahani kizuri cha bluu kilikuwa cha nini?

"Nilikuwa nawafukuza," Bi Hisano akajibu.

Na takia?

"Nilikuwa nawafukuza."

Binti wa kibendera alikuwa ameshaziba mdomo kwa kibendera chake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Jibaba likaangalia wenzake, likamgeukia bibi.

"Na chai?"

"Hasa chai."

Jibaba lilikuwa jekundu mpaka masikioni, nadhani ndiyo siku ya kwanza mtalii kuona haya ya Kyoto yenyewe, imemfikia na miezi yake yote ya kuchelewa. Akasema kitu taratibu, na binti akatafsiri bila kulainisha: kwamba kwao mtu akitaka uondoke anakwambia ondoka, kwamba hawakujua, na kwamba anaomba radhi yeye na wote waliotangulia. Akainama. Aliinama vibaya, makalio juu, lakini alibaki hivyo muda wa kutosha.

Bi Hisano naye akainama, kidogo. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Alisema darajani pana mahali pa kuvutia, pana kivuli na upepo wa maji, mume wake alivutia pale siku zote, waende wakavute kwa amani. Hiyo haikuwa kufukuza. Alikuwa anawaelekeza.

Walipoanza kuondoka, kimia cha nyumba ya kushoto kikafunguka. Bi Fusae Imanishi alitoa kichwa, uso umemwiva, akawaambia wale watu sita na kichochoro kizima:

"Na kwangu hapana."

Mlango wa mtengeneza mapepeo ya mkono ukafunguka. "Na hapa hapana." Muuza sandarusi naye, kutoka konani, kabla hata hawajamfikia. Na mimi nilifungua langu, niseme uongo ili iweje, nikasema yangu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani. Neno lile ni tamu jamani! Hakuna aliyewahi kutuambia. Watalii maskini walipita kati yetu wakiinamia kushoto na kulia, na binti wa kibendera nyuma yao akicheka waziwazi, na nilimsikia akisema atakwenda kuifuta ile alama ya ramani mwenyewe kabla hajala chakula cha mchana.

*

Ndani, Chinatsu alikuwa amebaki na mtawa, karai na kijiti. Utando wa kwanza ulikuwa umefunga. Aliuinua, mara ya kwanza katika nyumba ile, vizuri kabisa, haukuchanika popote. Kisha, mbele ya mtawa Genkai, akautupa kwenye ndoo ya mabaki.

"Huo umekula moshi," alimwambia. "Subiri unaofuata, mheshimiwa."

Tsuneo akashika kichwa. Utando wa kwanza! Ule ambao mama yake hajawahi kumpa hata yeye aonje ovyo! Mtawa alikaza mkao wake. Alisubiri.

Bi Hisano aliingia, akaketi kwenye kizingiti, akaomba maji. Aliyanywa. Ndipo macho yake yakaangukia ndoo ya mabaki, na utando mweupe uliolala juu ya makapi ya soya. Aliutazama, akamtazama mkwe wake, na Chinatsu akajiandaa kwa lolote.

"Ningeutupa hata mimi," alisema Bi Hisano.

Hakuinuka kuchukua kijiti. Tsuneo alimngoja ainuke, Chinatsu akamngoja, na yeye akabaki amekaa, anapepea uso kwa upande wa aproni. Hewa ya kichochoroni sasa ilikuwa inaingia safi, ina harufu ya mawe yaliyolowa. Maziwa yakatulia. Utando wa pili ukajitanda, ukakunjamana pembeni, na Chinatsu akauinua, akauweka kwenye kibakuli, akamkabidhi mtawa kwa mikono miwili.

Mtawa alionja. Alitafuna polepole kuliko alivyohitaji. Bi Hisano hakusubiri asifu hali ya hewa.

"Inanuka?" aliuliza.

Mtawa Genkai akaweka kibakuli chini. Miaka thelathini jikoni mwa hekalu, hajawahi kuulizwa hivyo. Sauti za kichochoroni zilikuwa zimemfikia zote pale alipokaa, na nafikiri naye alitaka kulionja neno lile.

"Hapana," alisema.

Akaona mtu hajafa, akaendelea. Alisema mwezi wa nne ilikuwa inanuka vibaya, na ilikuwa wajibu wake kuwaambia siku ile ile badala ya kusema imekolea, na kwa hilo anaomba radhi. Oda ya vuli iandikwe kama miaka yote. Kisha akanyoosha kibakuli, akaomba kingine, na Tsuneo akarudi nyuma kwenye mashine yake haraka, maana alikuwa analia na hakutaka kuonekana.

*

Kesho yake asubuhi Bi Hisano na Chinatsu walitoka pamoja kufagia. Ndoo nyekundu ilikuwa na maji safi. Bi Fusae alikuwa ameshamaliza upande wake na kuingia ndani, lakini alama za ufagio wake zilikuwa bado mbichi ardhini. Zilifika mpakani. Zilivuka.

Chinatsu alichuchumaa, akatandaza kiganja chake juu ya mistari ile, kidole gumba mpakani, kidole cha mwisho pale vumbi lilipoanzia. Ilikuwa shubiri kamili.

"Inuka, watu wanaona," Bi Hisano alimwambia.

Lakini yeye mwenyewe hakuondoa macho pale. Kisha akampa Chinatsu ufagio, akamwambia aanzie upande huo wa Bi Fusae, na asisahau kuvuka.